Nyavu Huchanwa na Samaki

Mhadhara kwa wachezaji, wazee na wapenzi wa mpira, Mangapwani, Unguja



Wazee wangu, mama zangu, viongozi wa timu na nyinyi vijana: nashukuru kwa kunialika Mangapwani, na nashukuru zaidi kuona mmewaleta watoto wa timu ya Juvenile, hao waliokaa mkekani mbele. Mengi nitakayosema leo yanawahusu wao kuliko sisi tuliokaa vitini.

Nilifika mapema. Gari lilinishusha baada ya adhuhuri, nikateremka pwani kungoja alasiri. Chini ya mkungu nikamkuta nahodha mmoja na mabaharia wake wawili wamekaa juu ya nyavu, sindano mkononi, wanaziba matundu. Nikawapa pole, nikidhani bahari imewatesa. Nahodha akatikisa kichwa. Usiku ule walipata samaki mpaka wakaita chombo cha pili kije kuwapokea. Nikamwambia, "Basi leo ilikuwa siku ya kulala." Akachukua pembe moja ya nyavu, akaitandaza juu ya goti. Tundu lake lingepitisha ngumi ya mtu mzima, na nyuzi za pembeni zilikuwa zimechambuka kama nywele. "Maalim," akasema, "nyavu hazichanwi na njaa. Huchanwa na samaki." Akarudi kwenye sindano yake.

Nilikuja na mwanzo mwingine kwenye karatasi. Nimeukata kwa kalamu pale pale pwani.

Mmenialika kwa sababu mmechukua kombe msimu huu, na viongozi wenu wameniomba nizungumzie namna ya kulitetea. Nimefundisha mpira wa skuli na wa mitaani kwa zaidi ya miaka thelathini. Nikiulizwa timu zangu nzuri zilivunjwa na nani, sitamtaja mpinzani yeyote. Timu dhaifu zilinivunjikia kwa kufungwa. Zile nzuri zilivunjwa na makombe yao wenyewe.

Lugha yetu ina majina mengi ya ugonjwa huu. Tunasema fulani amelewa sifa, kichwa kimemvimba, ameota mapembe, siku hizi anajisikia. Majina yote hayo yanamsema mtu ambaye kila mmoja anamwona. Ninayemwogopa mimi ni mwingine. Ana adabu, anasalimia wazee, hachelewi mazoezini kwa zaidi ya dakika kumi. Ila moyoni ameshapiga hesabu kwamba jezi namba tisa ni yake, kiti cha mbele ndani ya gari ni chake, na ushindi wa Jumamosi ijayo ni wake kwa kuwa wa Jumamosi iliyopita ulikuwa wake. Anaudai leo ujira wa kazi aliyoifanya jana. Mtu huyo hutamsikia akipayuka. Utaona tu kwamba mpira ukimpotea anasimama, anatazama nani ataukimbilia.

Nitaanza na la kwangu, maana aliyekosea ni mimi.

Nilikuwa skuli moja ya huku shamba, na timu ya watoto ambao hakuna aliyewatarajia. Tulikuwa na mipira minne. Mfuko wake ulishonwa kwa gunia la mchele na mama wa mmoja wa wachezaji, kamba yake ya katani, na kila mtoto alitaka kuubeba. Ilikuwa desturi kwamba anayebeba mfuko anakaa karibu na dereva. Uwanja wetu ulikuwa jirani na bahari, mchanga wake una chumvi, na mpira wa ngozi ukiachwa na chumvi unakauka na kupasuka mishono. Kwa hiyo kila jioni, baada ya mazoezi, watoto wale walikuwa wakichota maji ya kisima kwa dumu, wanaosha mipira mmoja mmoja, wanaifuta kwa fulana zao na kuipanga kivulini. Hakuna aliyewaamrisha. Kipa alikuwa akiugeuza mpira mikononi huku akiukagua uzi kwa uzi, kama mama anayemtafuta mtoto chawa.

Mwaka ule tukachukua ubingwa wa wilaya, kisha wa mkoa. Skuli ikachinja mbuzi. Na mimi, kwa furaha, nikawaambia wadogo zao wa darasa la chini: kuanzia leo mipira bebeni nyinyi, waachieni kaka zenu wapumzike, hao ni mabingwa.

Neno lile lilitoka kinywani mwangu kama zawadi. Sikuona nililolitia ndani yake. Mwaka uliofuata wakubwa hawakuosha tena mipira. Wadogo waliiosha, lakini waliiosha kama watu wanaotumikia kifungo, maji mara moja na kuitupa mfukoni mbichi. Nilidhani wale wadogo wanajifunza mpira kwa kaka zao. Kumbe walikuwa wamepanga foleni, wanangoja siku yao ya kutobeba.

Siku moja tulikwenda ugenini. Tumeshuka garini, watoto wameshavaa bukta na soksi, nikauliza mfuko uko wapi. Kila mmoja akamtazama mwenzake. Ikabidi nikaombe mpira wa kupashia misuli kwa mwalimu wa wenyeji, akanipa mmoja, na watoto wa kijiji kile wakasimama kwenye mstari kututazama mabingwa wa mkoa tukigombea mpira mmoja wa kuazima. Tulifungwa, na tulistahili. Tuliporudi usiku nikaukuta mfuko pale tulipouacha, kwenye ngazi ya darasa la mwisho, mahali ambapo watoto wote kumi na wanane walipita ili kupanda gari. Nikamwita nahodha wa timu, kijana mwema, mtiifu, nikamwuliza kwa nini hakuuokota. Akaniangalia kwa mshangao wa kweli. "Maalim, mimi si wa kubeba mipira tena."

Hakunivunjia heshima. Alikuwa ananisomea somo nililomfundisha mwenyewe.

Sasa nitoke kwangu, nije kwetu sote. Wakubwa mliopo hapa mnaukumbuka mwaka 2017. Tarehe 16 Machi, huko Addis Ababa, Shirikisho la Mpira wa Miguu Afrika, CAF, liliipokea Zanzibar kuwa mwanachama wake wa 55. Tulishangilia kama watu waliozaliwa upya. Mwezi Julai wa mwaka huo huo tukaondolewa, kwa maelezo kwamba hatukustahili kuingizwa tangu mwanzo kwa kuwa Zanzibar si nchi inayojitegemea kimataifa. Miezi minne tu ya uanachama. Kisha mwezi Disemba likaja Kombe la Chalenji la Afrika Mashariki na Kati nchini Kenya, na timu yetu ya taifa, Zanzibar Heroes, chini ya kocha Hemed Suleiman, tunayemwita Morocco, ikasafiri ikiwa na vijana ambao wengi wao majina yao yalikuwa hayajavuka bahari.

Waliifunga Rwanda mabao 3-1. Waliifunga Kilimanjaro Stars, ndugu zetu wa Bara, mabao 2-1. Wakatoka bila ya kufungana na wenyeji Kenya. Wakafungwa na Libya bao moja, wakakaza mikanda. Nusu fainali Kisumu wakaifunga Uganda, bingwa mtetezi, mabao 2-1. Fainali ikachezwa Machakos tarehe 17 Disemba: tulikuwa nyuma, tukasawazisha, tukawa nyuma tena, tukasawazisha tena, 2-2. Penalti zikatunyima, Kenya ikashinda 3-2 kwa mikono ya kipa wao Patrick Matasi. Nadhani hapa hakuna mtu mzima asiyekumbuka alikaa wapi usiku ule. Mimi nilikuwa barazani kwa jirani, redio juu ya dirisha, na baada ya penalti ya mwisho hakuna aliyenyanyuka kwa muda mrefu.

Vijana wale walikuwa na njaa ya namna gani? Ya fedha isingetosha, kwani fedha za mashindano yale hazikuwa za kumtajirisha mtu. Nilivyowaona, walikuwa na njaa ya kutambuliwa. Walikuwa wameambiwa mwezi Julai kwamba hawapo, na kila mechi ilikuwa njia ya kusema tupo. Ukimpa mchezaji sababu iliyo kubwa kuliko yeye mwenyewe, anaweza kukimbia dakika 120 na bado akataka penalti ya kwanza apige yeye.

Waliporudi Unguja walipokelewa kama waliochukua kombe. Serikali ikawazawadia fedha na viwanja, na mimi nilisema siku ile na nasema leo kwamba walistahili. Mwaka 2018 mashindano hayakufanyika. Mwaka 2019 yakachezwa Uganda, na Zanzibar haikutoka kwenye kundi lake.

Sisemi kwamba wachezaji walilewa. Sina uwezo wa kupasua vifua vya watu nikasoma yaliyomo, na miaka miwili katika mpira ni mingi: kikosi kinabadilika, wapinzani wanakujua. Ninalolijua kwa yakini ni lililotokea kwetu sisi watazamaji, maana nilikuwemo. Mwaka 2017 tulisikiliza redio kama watu wanaoomba dua. Mwaka 2019 tulisikiliza kama wenye nyumba wanaongoja kodi. Kombe letu la Chalenji la mwaka 1995, lililochukuliwa huko huko Uganda, tulikuwa tumelikalia miaka ishirini na mbili bila ya kulidai chochote. Mara tu tulipofika fainali moja, tukaanza kuitaka fainali kama haki yetu ya kuzaliwa. Ndugu zangu, ugonjwa huu hauanzi kwenye daluga. Unaanza barazani, kwenye kahawa, unashuka uwanjani pole pole.

Mkitaka kuuona upande wa pili, wa timu yenye njaa, kumbukeni New Amaan, tarehe 13 Januari 2024. Fainali ya Kombe la Mapinduzi, Mlandege yetu na Simba. Simba ni klabu iliyotawala ligi ya Bara misimu minne mfululizo, kuanzia 2017/18 hadi 2020/21, na mfuko wake wa usajili si wa kulinganishwa na wa timu zetu. Ikafungwa 1-0. Mwaka mmoja kabla yake Mlandege ile ile iliifunga Singida Big Stars 2-1 na kulichukua kombe hilo hilo. Watu wakasema bahati. Bahati haiji Januari mbili mfululizo kwenye uwanja mmoja.

Na Simba hiyo ina kumbukumbu nyingine, ya zamani, ambayo wazee wa Dar es Salaam huitaja wakipunguza sauti. Mwaka 1993 walifika fainali ya Kombe la CAF. Mechi ya kwanza walikwenda Abidjan, wakatoka 0-0 na Stella. Sare ugenini, fainali ya Afrika, mechi ya pili nyumbani: nani asingeanza kushona nguo za sherehe? Mwezi Novemba uwanja ukafurika, Rais Ali Hassan Mwinyi akiwepo, na Stella wakashinda 2-0, mabao yote ya Boli Zozo. Masimulizi yanayorudiwa mpaka leo ni kwamba wachezaji walikuwa wameshaahidiwa gari kila mmoja wakilichukua kombe. Stella walikuwa timu nzuri, na mtu aliyefungwa na timu nzuri hana haja ya kutafutiwa sababu. Lakini ile ahadi ya gari imenikaa kichwani miaka yote hii, na nitawaeleza kwa nini.

Mwaka 1973, miaka ishirini kabla ya fainali ile, wataalamu watatu wa elimunafsia huko Marekani, Mark Lepper, David Greene na Richard Nisbett, walichapisha matokeo ya jaribio lao katika skuli ya chekechea ya Chuo Kikuu cha Stanford. Walichagua watoto waliokuwa wakipenda kuchora kwa kalamu za rangi, wenyewe, bila ya kuambiwa na mtu. Wakawagawa makundi matatu. La kwanza waliambiwa kabla: ukichora utapewa cheti chenye nyota ya dhahabu na utepe. La pili walichora tu, kisha wakapewa cheti kile kile kwa ghafla. La tatu hawakuahidiwa wala hawakupewa kitu. Baada ya wiki moja au mbili kalamu zikawekwa tena mezani, bila ya ahadi yoyote, na wataalamu wakakaa pembeni kutazama nani atazifuata. Wale walioahidiwa walizichezea kwa muda wa nusu tu ya ule wa wenzao. Waliopewa kwa ghafla hawakupungukiwa na hamu.

Nilipolisoma jambo hili nilifunga kitabu, nikatoka nje. Zawadi haikuwaharibu watoto wale, kwani kundi la pili nalo lilipewa. Kilichowaharibu ni ahadi iliyotangulia, iliyowafanya waitazame kalamu kama njia ya kufika kwenye cheti. Kuchora kulikuwa mchezo wao, kukageuzwa kibarua. Na kibarua, ujira ukiondolewa, nani atakifanya?

Basi mwenye timu anapokuja kwenye chumba cha kuvalia kabla ya mechi na bulungutu mkononi, akasema kila bao ni kiasi fulani, naomba akumbuke watoto wale. Leo atapata mabao. Kesho, siku asipokuwa na bulungutu, atawakuta vijana wale wale wameukalia mpira wakisubiri kusikia bei. Akitaka kuwazawadia, na awazawadie. Aje baada ya mechi, na ampe pia beki aliyeokoa mpira kwenye mstari, ambaye jina lake halitatangazwa na redio.

Naona baadhi ya viongozi wanatikisa vichwa kwa kuniunga mkono. Nawaomba wasubiri, maana zamu yao imefika.

Kijana anayedai posho aliyoahidiwa hajavimba kichwa. Anadai deni. Nimeona katika maisha yangu viongozi, sitawataja wala timu zao, waliokaa na nauli za wachezaji miezi mitatu, na kijana alipouliza wakamwambia mbele ya wenzake kwamba siku hizi umeota mapembe, umesahau tulikokutoa. Wengi wa wachezaji wetu wanaingia mazoezini wakitoka kwenye kibarua cha ujenzi au kwenye bodaboda, wanatoka mazoezini kwenda kwenye mnada wa samaki. Kumwita mtu huyo mwenye tamaa kwa kuuliza haki yake ni dhulma, na dhulma ndiyo inayomfundisha kudai hata visivyokuwa vyake, kwa kuwa ameshaona kuwa anayenyamaza hapati.

Nyinyi watu wa Mangapwani mna darasa zuri kuliko langu. Chombo kikirudi, samaki wakiuzwa, gharama zikitolewa, kuna fungu la chombo, kuna fungu la nyavu, na kuna mafungu ya mabaharia. Hesabu inapigwa mchangani, mbele ya wote. Baharia aliyelala nyumbani usiku ule hana fungu, hata kama mwaka jana alikuwa hodari kuliko wote, na hata kama babu yake ndiye aliyekichonga chombo. Na baharia aliyekwenda ana fungu lake, hata kama ni mtoto wa kwanza kutia mguu baharini. Nahodha akificha hesabu, mara ya pili hampati mtu wa kumsukumia chombo. Sijaona katika vitabu vya ukocha kanuni iliyo safi kuliko hiyo, na nyinyi mnaitekeleza kila usiku wa giza la mwezi.

Kwenye mpira hesabu haiwi wazi hivyo siku zote. Disemba 2022 kijana wetu wa Unguja, Feisal Salum, Fei Toto, alitangaza kuondoka klabu ya Yanga. Shirikisho la mpira la Tanzania likaamua kwamba kwa mkataba bado ni mchezaji wa Yanga. Mzozo ukaendelea mpaka katikati ya 2023, Rais Samia Suluhu Hassan akaiomba Yanga hadharani imalize jambo lile, na Feisal akahamia Azam. Barazani kwetu watu waligawika, kila upande na kelele zake. Mimi sikuwa na upande, maana mkataba sikuusoma. Lililoniumiza ni wepesi wetu wa kumwita mtoto asiye na shukrani, sisi ambao hakuna hata mmoja aliyeusoma. Tunapenda mchezaji awe na njaa. Tuwe waangalifu tusije tukawa tunampenda akiwa hana kitu.

Turudi kwenye ulevi wa sifa. Kuna mtu mmoja wa mbali aliyepigana nao vita. Nick Saban alifundisha mpira wa Kimarekani, ule wa kushika kwa mikono, katika Chuo Kikuu cha Alabama. Msishangae kusikia chuo: uwanja wa chuo kile unachukua watu laki moja, na wachezaji wake ni wanafunzi. Alishinda ubingwa wa taifa mara sita akiwa pale, kati ya 2009 na 2020, juu ya mmoja wa 2003 alioupata chuo kingine, na akastaafu Januari 2024. Oktoba 2017 timu yake ilishinda mechi ngumu ugenini, naye badala ya kufurahi akawakabili waandishi wa habari, akazifananisha sifa walizokuwa wakiwaandikia vijana wake na sumu ya panya. Msimu ule akachukua ubingwa.

Kwa nini mtu aliyeshinda kiasi kile aliogopa sifa kiasi kile? Nadhani ni kwa sababu ya hali ya chuo, na hiyo ndiyo hali yenu pia. Chuoni mchezaji hukaa miaka minne au mitano, kisha anaondoka. Aliyelitafuta kombe kwa jasho anakwenda zake na njaa yake. Anayeingia analikuta kombe limo kabatini, linang'aa, na jezi aliyopewa ina nyota zilizoshonwa na wengine. Hajapoteza mechi hata moja na jezi ile, basi anadhani jezi ndiyo inayoshinda. Wale walioshinda mara nyingi wanakumbuka walivyokuwa. Hatari ipo zaidi kwa anayekuja baada yao. Ndiyo maana niliwashukuru kwa kuwaleta watoto hawa wa mkekani. Baada ya miaka mitatu au minne wao ndio watakaokuwa timu ya Mangapwani, na kombe hili watalikuta.

Kufungwa nako, kukija kwa wakati wake, huponya. Yanga ilikaa mechi 49 za ligi bila ya kupoteza, mpaka tarehe 29 Novemba 2022 ilipokwenda Mbarali ikafungwa 2-1 na Ihefu, timu ya hadhi ya chini sana ukiilinganisha nayo. Msimu ule ule Yanga ikatwaa ubingwa na ikafika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika. Siombi mfungwe. Nasema tu msiogope sana siku hiyo.

Wachezaji wakubwa wa hapa, nakuombeni jambo moja ambalo mimi nilishindwa kuwaomba wale wa kwangu. Mfuko wa mipira abebe nahodha. Siku ya mechi kubwa kuliko zote abebe yeye, watoto wamwone, na vibendera vya kona vichomekwe na aliyefunga bao wiki iliyopita. Mtoto akikua akiona kwamba cheo kinaongeza mzigo, hatakitamani cheo kwa ajili ya kupumzika. Kocha, jezi za kuanza zipange kwa mazoezi ya wiki ile, na kila mmoja ajue umezipangaje, hata kama itakubidi umweke benchi mtoto wa mwenyekiti. Itakuwa ngumu, hiki ni kijiji, mtakutana msikitini na harusini. Wazee wa baraza, mkimkuta kijana njiani msimwambie wewe huna mfano. Mwulizeni leo mmefanya mazoezi gani. Na mama zangu, nyinyi mnajua kabla yetu sote, maana kijana akianza kuacha sahani yake pale alipokula, na huku zamani alikuwa akiiosha, habari hiyo inafika jikoni kwenu kabla haijafika uwanjani.

Limebaki la fedha za kombe. Mwezi Aprili 2023, huko Durban, wasichana wa skuli ya Fountain Gate ya Dodoma walichukua ubingwa wa Afrika wa mpira wa skuli. Zawadi yake ilikuwa dola laki tatu, na fedha za mashindano yale huwekwa kwa ajili ya skuli, wafaidike pia wale ambao bado hawajafika darasa la wachezaji hao. Zenu ni kidogo sana mbele ya hizo, lakini zinagawika. Nimeambiwa kwamba kuna nauli za wachezaji wanaotoka vijiji vya jirani hazijalipwa tangu mzunguko wa kwanza, kwamba duka la mipira linadai, na kwamba timu ya Juvenile imecheza msimu mzima na mpira mmoja. Nimeambiwa pia kuna rai ya kununua suti za timu kwa ajili ya picha.

Viongozi, naomba hesabu ya fedha hizo iandikwe kwenye karatasi moja: zilizoingia, zinazodaiwa, na fungu la kila mtu. Isomwe Jumatatu kabla ya mazoezi, pale uwanjani, kwa sauti, wachezaji wote wakiwepo na watoto hawa wakiwepo. Madeni ya nauli yatangulie, kisha mipira ya Juvenile. Suti zijadiliwe baada ya hapo, ikiwa kutabaki kitu. Kocha ameniambia mazoezi yanaanza saa kumi na nusu. Basi hesabu ianze saa kumi kamili, na mimi nitapanda gari la saa nane ili niwepo.